Boksi la kuanzia ni la yule atakayechezesha

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa kazi. Kwa wasomaji wengine niwape swali lenyewe: kijana kaniandikia kutoka Tanga, ana gemu yake ya kuigiza mezani, zile za mmoja kuwa gemu masta anasimulia na wengine kila mtu ana mhusika wake anamsemea na kumrushia dadu. Ya kwake inahusu mabaharia wa Kilwa enzi za dhahabu ya Sofala, unarusha dadu mbili za kawaida unajumlisha na ujuzi wako, ukifika 8 umefaulu. Ameandika kanuni kurasa 120. Anasema akichezesha yeye watu hawataki kuondoka, ila akimpa mtu kitabu akachezeshe mwenyewe kinarudi hakijaguswa. Sasa anataka kutengeneza boksi la wanaoanza, anauliza azipunguze zile kurasa mpaka ngapi, ndani aweke nini, na kama ni bora aachane na kanuni zake atumie za D&D, yaani Dungeons & Dragons, ile gemu ya Marekani.

La kurasa ni fupi nikujibu kwanza: usipunguze. Kile kitabu kiweke pembeni kilivyo, alafu anza na karatasi tupu. Ukikaa kufuta aya moja moja utabaki na kitabu kilekile kimekonda, na we mwenyewe umeshaniambia tatizo liko wapi, umesema ukichezesha wewe gemu inanoga. Maana yake kuna kazi unaifanya pale mezani ambayo haimo kwenye kitabu hata kidogo: unajua aanze na nini, unajua lini useme "rusha dadu" na lini uache, mtu akikwama unamtupia wazo, mtu akiharibu mambo unageuza stori inaendelea. Kitabu kinaeleza upepo na bei ya pembe za ndovu, hizo kazi zako hakizielezi. Boksi la kuanzia ndo linatakiwa kubeba hizo kazi, limpe mtu ambaye hajawahi kukuona wewe ukichezesha. Huyo mtu ndo mteja wako. Wachezaji wengine wanne watafundishwa na yeye, yeye hana wa kumfundisha zaidi ya karatasi zako.

Na tatizo hili ni la zamani kama gemu zenyewe. Dungeons & Dragons ilipotoka Marekani mwaka 1974 ilikuwa vijitabu vitatu ndani ya boksi dogo, na waliokuwa wanainunua mwanzoni wengi walikuwa watu wa gemu za vita, wanajua tayari kusogeza majeshi ya vinyago mezani, kwahiyo mambo mengi hayakuelezwa kwasababu kila mtu chumbani alikuwa anayajua. Gemu ikatoka nje ya hicho chumba ikafika kwa wanafunzi na watoto, hapo ndo watu wakaanza kukwama. Aliyejitokeza kusaidia hakuwa hata mwajiriwa wa kampuni, alikuwa J. Eric Holmes, daktari na mwalimu wa chuo kikuu kwenye magonjwa ya mfumo wa fahamu, akajitolea kuziandika upya kanuni kwa ajili ya anayeanza, na boksi lake likatoka 1977. Kanuni aliziishia levo ya 3 (levo ni ngazi ya uwezo wa mhusika), na mwisho wa kitabu akaweka mahandaki yaliyo chini ya mnara wa mchawi anaitwa Zenopus, ramani ipo na vyumba vimeelezwa, kwahiyo mtu akimaliza kusoma ana kitu cha kuchezesha usiku huohuo. Naipenda sana hiyo habari ya Holmes maana inaonesha kuwa anayeweza kuona kilichokosekana mara nyingi ni mtu aliyeingia kutoka nje. We uliyeandika umeshazoea mno.

Sasa tuhesabu. Boksi la D&D la mwaka 2014, lile lenye misheni (stori iliyoandaliwa tayari ya kuchezesha) ya Lost Mine of Phandelver, liliuzwa dola 19.99 na ndani yake kuna kitabu cha kanuni kurasa 32 na kitabu cha misheni kurasa 64. Misheni ni mara mbili ya kanuni. Na humo kwenye kurasa 32 hakuna hata maelezo ya jinsi ya kutengeneza mhusika, unapewa wahusika watano tayari, dadu sita, basi. Kwahiyo ukitaka namba chukua huo uwiano: kanuni kurasa 16, misheni kurasa 32, za ukubwa wa A5. Na usianze na zile 16. Andika misheni kwanza mpaka mwisho, kila inapohitaji kanuni weka alama, ukimaliza kusanya alama zote, hizo ndo kanuni za boksi. Kanuni ambayo misheni haikuihitaji haiingii, hata kama ndo unayoipenda kuliko zote.

Hebu tuingie ndani ya ile misheni tuone inavyoanza, maana wengi wameicheza bila kuiangalia kwa jicho la fundi. Wahusika wanasindikiza mkokoteni wa mizigo kutoka mji wa Neverwinter kwenda mji mdogo wa Phandalin. Gemu masta anasoma kwa sauti maneno yaliyoandikwa kwenye kisanduku, hatakiwi kutunga chochote. Njiani wanakuta farasi wawili wamekufa katikati ya barabara, wana mishale mwilini. Wachezaji wanasogea kuangalia na goblini wanne, vijitu vibaya vya hadithini, waliojificha vichakani wanawatokea. Ona sasa, hakuna mtu aliyeachwa katikati ya mji mzima akaulizwa "haya mnataka kufanya nini", mbele yao kuna kitu kimoja tu na kila mtu hata bibi yako ana wazo la kufanya, wengine watasogea wengine watavuta upinde wengine watapiga kelele. Swali limekuja na majibu yake. Hiyo ndo kazi ambayo wewe unaifanya kwa mdomo na kwenye boksi lazima uiandike.

Ila ukurasa huohuo una somo la pili. Goblini akipiga anarusha dadu ya pembe sita anaongeza 2, yaani pigo la kawaida tu linaweza kufika 8, na mchawi wa levo ya kwanza uhai wake unazunguka hapohapo. Wako wanne na wanashtukiza. Hii vita inajulikana kwa kuangusha wageni, na mimi kwa maoni yangu ni kali kupita kiasi kwa dakika ya kumi ya maisha ya mtu kwenye hii michezo. Lakini waandishi walifanya kitu ambacho wengi hawafanyi, wakaandika palepale nini kinatokea kundi likishindwa: goblini hawawaui, wanawaacha wamezimia, wanawaibia na kuondoka, wahusika wakizinduka wanaweza kwenda mpaka Phandalin wakajipanga, wakarudi kufuata njia waliyopita wale goblini. Gemu masta mgeni akiona kundi zima limelala chini anapata jasho, anahisi ameua gemu, na asipopata mstari wa kumwambia "endelea hivi" anafunga boksi na halifunguliwi tena. Kila tukio lako liwe na huo mstari, wakishindwa inakuwaje. Kila tukio, usiruke hata moja.

Na hapo niguse dadu zako maana namba zinasema kitu. Dadu mbili, lengo 8, mtu asiye na ujuzi anafaulu mara 15 kati ya 36, hiyo ni kama asilimia 42. Akiwa na ujuzi wa 1 anapanda mpaka 58, akiwa na 2 anafika 72. Kwa gemu ndefu ni sawa kabisa, kushindwa kuna raha yake. Ila rusho la kwanza kabisa la mtu ambaye hajawahi kushika dadu mbele ya wenzake lipange liangukie kwenye ujuzi ambao wahusika karibu wote wanao kwa 2, ili karibu mara tatu kati ya nne meza ishangilie. Ukimwanzishia mtu na rusho la asilimia 42 unampa somo la kwanza kwamba hapa mambo hayaendi, alafu unashangaa anaangalia simu.

Wahusika uwaandae wewe, wa kutosha, wamalizike kabisa, asiachiwe mtu nafasi ya kujaza zaidi ya jina. Najua sura yako ya kutengeneza mhusika ni nzuri na ukoo wa kila mtu unaujua, lakini inakula saa nzima kabla hakijatokea kitu, na mgeni anachagua ujuzi ambao hajui utamsaidia nini. Cha kuiga kwenye lile boksi la 2014 ni jinsi karatasi za wahusika zilivyoshonwa na misheni. Yule padri kibeti ni binamu wa ndugu watatu wa Rockseeker wanaotafutwa kwenye stori, yule mwizi mfupi ana kisa na genge la Redbrands ambalo ndo linasumbua mji wanaoenda. Mchezaji anaisoma karatasi yake dakika mbili tu na tayari ana sababu ya kuingia kule ndani. Kwako nahodha awe anadaiwa na tajiri mwenye mzigo, rubani awe ameona meli ya pili alfajiri na hajamwambia mtu, fundi mshonaji wa mtepe (chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba) awe na mdogo wake anayefanya ukuli bandarini, mkalimani awe ametoka Sofala na anajua dhahabu ilipimwaje kabla haijapakiwa. Siri ya kila mmoja iwe na ukurasa wake kwenye misheni ambapo inatokea. Na chini ya kila karatasi weka mistari mitatu yenye kichwa "Ukikwama", anaweza kufanya hivi, au hivi, au amuulize fulani. Watu wazima wengi wanaona aibu kubuni mbele ya wenzao, hiyo mistari inawapa pa kushika.

Kufundisha kanuni nako kuna utaratibu, moja moja, kila moja na tukio lake. Walioifanya vizuri ni watu wa Pathfinder, gemu nyingine ya namna hii, kwenye boksi lao la 2020, misheni inaitwa Menace Under Otari. Wahusika wanaitwa kwenye ghala la samaki, kuna kitu kinakula samaki, wanashuka chini, na ukienda chumba kwa chumba unagundua kila kimoja kina kitu kimoja kipya cha kujifunza, huku mapigano, kule kupanda na kuruka, mbele mtego, na gemu masta anaambiwa wazi kwamba hapa unafundisha hiki. Boksi la Star Wars la mwaka 2012 la Edge of the Empire likaenda hivyohivyo kwa stori ya kukimbia kutoka mji wa Mos Shuuta, tukio la kwanza unajificha au unajisemea ndani ya baa, unarusha dadu mara ya kwanza, ndo walinzi wa yule Hutt, bosi wa majambazi wa huo mji, wanaingia na vita inaanza, na karatasi za wahusika ni vijitabu ambavyo vinaongezeka maelezo kadiri stori inavyoenda. Hakuna aliyekaa kusomewa kanuni. Wameanza kucheza, kanuni zikawakuta njiani.

Kwahiyo ya kwako mi ningeipanga hivi, nikitumia yale uliyonitumia. Msimu uwe kusi tu, ndo jahazi linarudi kaskazini kutoka Sofala, hizo kurasa zako zote za kaskazi na matlai ziache nyumbani. Tukio la kwanza jahazi limetia nanga Kilwa, mtoza ushuru wa sultani anapanda, na kwenye hesabu kifuko kimoja cha dhahabu hakionekani. Hapo wanajifunza kurusha dadu. Tukio la pili wanamtafuta aliyeshuka usiku, sokoni, hapo wanajifunza kusaidiana, watu wawili kuunganisha ujuzi. La tatu wanamkuta ufukweni maji yamekupwa katikati ya mitepe iliyolazwa, anao wenzake wana majambia, hapo ndo vita na uhai vinaingia, si mapema ya hapo. La nne wanafukuza ngalawa iliyobeba kifuko na upepo unasukuma, sasa unaruhusiwa kuleta kanuni zako za bahari, nusu ukurasa. La tano wanasimama Husuni Kubwa, jumba la sultani, mbele yake kujieleza, na ushindi unategemea walichofanya kwenye yale manne.

Nikuoneshe tukio la kwanza lionekaneje kwenye karatasi, maana watu nikiwaambia "msaidie gemu masta" wanaandika ushauri wa jumla, mara uwe mbunifu, mara wasikilize wachezaji wako, na mgeni hawezi kuchezesha ushauri. Andika hivi:

Soma kwa sauti: "Ni alfajiri, adhana imeisha punde. Nanga imeshuka. Mtoza ushuru amepanda na karani wake na mizani. Anahesabu vifuko vya dhahabu kimoja kimoja, anavipanga juu ya mkeka. Mwisho anainua kichwa: Tajiri wenu aliandika vifuko kumi na mbili. Hapa naona kumi na moja."

Sasa nyamaza, mwangalie mchezaji wa nahodha mpaka aseme kitu.

Wakimdanganya mtoza ushuru: aliyesema arushe dadu mbili ajumlishe ujuzi wake wa Ulimi (kusema). 8 au zaidi, anakubali kurudi baada ya swala ya adhuhuri. Chini ya 8, anakubali pia lakini anamchukua mmoja wao hadi nyumba ya ushuru kama dhamana, mchezaji wake anaendelea kucheza akiwa huko, nenda ukurasa wa 7.

Wakisema ukweli: hakuna dadu. Anawapa mpaka adhuhuri.

Wakitaka kupigana: karani anapuliza baragumu, walinzi wanaonekana gatini. Waulize mara moja: "Mna uhakika?" Wakiendelea, wanakamatwa wote, wanaachiwa mchana kwa dhamana ya tajiri, ambaye sasa anawadai zaidi.

Wakikaa kimya: rubani apewe kikaratasi cha siri yake, chenye alama ya nyota.

Basi, ni nusu ukurasa tu. Angalia kwamba kushindwa hakujafunga mlango, kila njia inafika tukio la pili ila kwa gharama tofauti, na hata lile neno "nyamaza" limeandikwa, kwasababu gemu masta mgeni anaogopa ukimya, atajibu yeye badala ya wachezaji. Wewe unanyamaza bila kujua kama unanyamaza. Hayo ndo mambo ya kuandika.

Historia ya Kilwa uliyoweka mwanzo, kurasa 30, ni nzuri nimeisoma yote na nilijifunza, ila kwenye boksi haina pa kukaa kama sura. Ivunje uiweke ndani ya matukio. Ibn Battuta alipopita Kilwa mwaka 1331 alisimulia habari za sultani al-Hasan bin Sulaiman, watu wakimwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu, kwamba fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha akitoka kuswali Ijumaa akamwomba nguo alizovaa, na akampa. Usiiandike kama maelezo. Mweke fakiri sokoni kwenye tukio la pili, amevaa kilemba ambacho hakifanani na hali yake, wachezaji wataanza wenyewe kumshuku ndo mwizi wa dhahabu, watamuuliza, atawaeleza kilipotoka, na hapo wamemjua sultani watakayesimama mbele yake mwisho wa misheni. Umefundisha historia na umewapa silaha ya tukio la tano kwa pigo moja.

Kuna kitu kingine ambacho kwa hali ya kwetu nakiona cha lazima kabisa. Mtu wa Marekani hata kama hajacheza ameshaona watu wanacheza, kwenye video au kwa binamu yake. Wengi watakaofungua boksi lako hawajawahi kuona meza hata moja, hawana picha kichwani. Kwahiyo gemu masta wako acheze kwanza peke yake. Frank Mentzer alifanya hivi kwenye boksi jekundu la D&D la 1983, kitabu cha mchezaji juu yake kimeandikwa kabisa kisomwe kwanza, na unaanza tu kusoma stori wewe ni shujaa unaingia pangoni, unakutana na nyoka, baadaye na padri wa kike anaitwa Aleena anayekutibu na kukueleza mambo mkiwa mnatembea, alafu mchawi Bargle anamuua. Watu waliolisoma wakiwa watoto leo ni wazee na bado wana hasira na Bargle. Na wakati wanahuzunika walikuwa wameshajua uhai ni nini na dadu ya pembe ishirini inarushwa lini. Watu wa Call of Cthulhu, gemu ya stori za kutisha, kwenye boksi lao la 2018 nao kijitabu cha kwanza ni cha kucheza peke yako, Alone Against the Flames, uko safarini kwenye basi kuelekea kazi mpya na unajaza karatasi ya mhusika wako kidogokidogo kadiri unavyosoma, ukichagua unaambiwa nenda aya namba fulani. Tengeneza kurasa 6 za namna hiyo. Zihusu kuli aliyeiba kifuko, yule anayetafutwa kwenye tukio la pili, usiku ule ule. Gemu masta akizimaliza anajua kurusha dadu, anajua kushindwa kunaonekanaje, na anajua siri ya misheni nzima bila kusomeshwa.

Dadu usibadilishe. Dadu ya pembe sita inapatikana kwa kila anayeuza ludo, zile za pembe ishirini mtu ataagiza atasubiri, na boksi linalosubiri kitu kifike halichezwi usiku wa kwanza. Lakini hata zikiwepo weka njia mbadala ndani, mbili zikipotea gemu isife. Mwaka 1979 dadu ziliadimika kiasi kwamba TSR, kampuni ya D&D, ikawa inaweka kwenye maboksi vipande vya karatasi vyenye namba, unavitia kwenye kikombe unachomoa. Hawakusimamisha mauzo kungoja plastiki. Wewe ukurasa mmoja wa mwisho weka namba za kukata, 1 mpaka 6 mara mbili kwa rangi mbili tofauti, kila rangi na kikombe chake, na uandike kwamba kila ukichomoa unarudisha, ukisahau kurudisha zile asilimia zote zinaharibika.

Boksi lenyewe usiliogope. A4 moja ukiikunja katikati ni kurasa 4, karatasi 8 ni kijitabu cha kurasa 32, steshenari yoyote yenye stepla ndefu inakufungia. Wahusika kwenye manila, ramani ya bandari A3 rangi moja, vyote kwenye bahasha ya kaki. Cha kuwekea akili ni mpangilio: mtu akifungua kiwe juu kabisa kijikaratasi kimoja kinachosema anza na hiki, baada yake kile, hiki wachezaji wasikisome. Akikuta vitu sita vinamtazama sawasawa atafungua kitabu kinene zaidi, na amekwisha.

Kuhusu kutumia kanuni za D&D, ruhusa ipo. Tangu Januari 2023 kanuni zao za msingi, toleo la SRD 5.1, ziko chini ya leseni ya Creative Commons ya kutaja chanzo, unaweza kuzitafsiri, kuzibadili na hata kuuza ukiwataja inavyotakiwa, ila miji yao na wahusika wao kama hao wa Neverwinter hawamo. Lakini sioni kwanini. Dadu zako mbili zinaelezeka kwa sentensi moja, hiyo ni mali kubwa kwenye boksi la wanaoanza, ungekuwa na levo na aina sita za dadu ungelipa kwa kurasa. Baki na zako.

Kilichobaki ni kujaribu, na hapa usijionee huruma. Bahasha iliyofungwa mpe mtu ambaye hajawahi kucheza kitu cha namna hii na hajawahi kukaa mezani kwako, awaite watu wake, we kaa kona na daftari, mdomo umefungwa hata akikosea kabisa. Kila swali atakalouliza wenzake au atakalokutupia macho ni mstari uliokosekana, andika ni saa ngapi na alikuwa ukurasa gani. Pima muda kutoka bahasha kufunguliwa mpaka dadu ya kwanza kurushwa, ukizidi dakika ishirini rudi ukakate mwanzo. Ona anapofungua mbele na nyuma kutafuta kitu, hicho kitu kihamishie ukurasa aliokuwa anahitaji, hata kama kimeshaandikwa kwingine, rudia tu. Mtu huyo hawezi kutumika mara ya pili maana ameshajua, kwahiyo usiwamalize marafiki wote kwenye rasimu ya kwanza, wapange.

Na usingoje matukio yote matano yakamilike ndo ujaribu. Andika lile la bandarini, wahusika wanne kwenye manila na hiyo nusu ukurasa, litoe nje hivyohivyo likachezeshwe na mtu mwingine, alafu nitumie kile ulichoandika kwenye daftari kabla hujaanza la sokoni.